Nyimbo Kwanza, Magoti Baadaye: Mwongozo wa Kupanga Stili ya Nyuzi 12

Usifungue sanduku mbele ya watu. Gitaa la stili lenye pedali, hasa lile la nyuzi 12 liitwalo yunivesali, likitolewa hadharani pale Endebess litakusanya watoto wa shule, fundi redio, wana boda boda wote wa stendi, na angalau mzee mmoja atakayeuliza linapukuchua magunia mangapi kwa siku. Mzee huyo hana kosa. Kitu chenyewe ni meza ndefu nyembamba ya miguu minne. Pedali saba au nane zimening'inia chini yake kwa fimbo za chuma, na mahali magoti yanapoingia kuna nyenzo za kusukumwa kushoto, kulia na juu. Kila atakayelitazama atakuwa na maoni kuhusu nyenzo zile zikae wapi, na utayasikia maoni hayo kabla hujagusa uzi hata mmoja. Kwa hiyo funga mlango, vuta kiti, ukae na magoti yako.

Kabla ya spana, jibu moja la kuwapa watakaobisha hodi: chombo hiki kinatafuta nini chini ya Mlima Elgon? Waambie mwili ndio umechelewa, sauti yake ilitangulia zamani. Joseph Kekuku alianza kuburuza chuma juu ya nyuzi za gitaa huko Hawaii karibu mwaka 1889. Mtindo huo ukavuka bahari, ukaingia katika baadhi ya sahani za santuri za Jimmie Rodgers wa Marekani, na sahani za Rodgers zikafika huku kwetu. Mwaka 1950 Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kipsigis kule Kapkatet wakimwimba mtu huyo kwa jina la Chemirocha, miaka 17 baada ya Rodgers kuzikwa. Tangu hapo kantri haijaondoka katika nyanda hizi. Nenda kwenye matanga Bungoma usikilize kinachopigwa usiku ukikolea: Jim Reeves yumo. Sir Elvis, yaani Elvis Otieno, amejenga jina lake zima juu ya muziki huo akiwa Mkenya. Tunalia na kufunga ndoa kwa sauti ya stili, ila anayeipiga huwa ndani ya spika. Mimi nataka akae kwenye kiti, avae koti letu, na magoti yake yajue kazi.

Tena muziki wa miguu si mgeni hapa. Mpiga nyatiti wa Kiluo huvaa pete ya chuma kwenye kidole cha mguu na kuigonga kwenye mwili wa chombo huku mikono ikishughulika na nyuzi. Anayekwambia kwamba miguu na magoti ni mambo ya Wazungu wa Nashville, mpeleke Siaya akaone.

Sasa kazi. Chukua daftari, uache spana mahali ilipo. Kwa majuma machache andika nyimbo unazoombwa kupiga, zile za kweli. Usiandike unazotamani kuombwa. Kwa mtu wa Endebess orodha huwa hivi: tenzi za kanisani, ambazo Marafiki, yaani Wakweka, wamekuwa wakizieneza tangu walipofika Kaimosi mwaka 1902, kantri ya matanga, omutibo wa kina George Mukabi, ule wa gitaa kavu na chupa ya Fanta inayokwaruzwa pembeni, na siku ambayo Wabukusu wamekaa vizuri, mtu ataleta litungu na mabega yaanze kucheza kamabeka. Hapo ndipo mpangilio wa nyenzo unapotoka. Wengi hufanya kinyume: wanachukua chati ya bingwa fulani wa Tennessee, wanafunga kila wenzo kama ulivyoandikwa, kisha wanatafuta wimbo utakaoustahili. Bingwa yule alipanga nyenzo zake kwa ajili ya nyimbo alizolipwa kupiga studio. Wewe unalipwa kwa zako.

Habari njema ni kwamba kama umewahi kuimba kwaya ya shule, tayari unajua lugha ya gitaa hili. Achana na herufi kwa muda, tumia do re mi. Ukianzia uzi wa kwanza, ulio mbali nawe kuliko wote, nyuzi 12 za yunivesali zinasema: re, ti, mi, do, so, mi, re, do, so, mi, do, so. Do ni E. Pedali ya kwanza, iitwayo A, inapandisha so iwe la. Ya pili, B, inapandisha mi iwe fa. Zikanyage pamoja bila kusogeza chuma cha mkononi hata kidogo, na ile do, mi, so uliyokuwa nayo imekuwa do, fa, la. Umetoka kordi ya nyumbani hadi ya nne kwa mguu mmoja wa kushoto. Nusu ya tenzi za daftari lako zimeshaanza kupigika, na goti halijaguswa. Pedali ya tatu, C, inapandisha do iwe re na so iwe la.

Inabaki kordi ya tano, na hapo ndipo goti linapoitwa. Shusha do nusu toni iwe ti. Piga so, ti, re: hiyo ndiyo ya tano, na chuma bado kiko pale pale. Ya kwanza, ya nne na ya tano ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya tunachoimba kuanzia Kwanza hadi Webuye, nawe umezipata zote bila mkono wa kushoto kusafiri. Wenzo huu mmoja, unaoshusha do, ndio nitakaougombania hadi mwisho wa mwongozo.

Nao una kazi nyingine kubwa zaidi. Gitaa la kawaida la wakongwe lina shingo mbili: moja ya E9, ya kantri inayolia, na nyingine ya C6, ya muziki wa dansi na jazi. Nyuzi 20, na mzigo ambao ukiwa sandukuni waweza kupita kilo 30. Jaribu kuufunga kwenye boda boda kutoka Kitale barabara ikiwa na matope. Yunivesali ilibuniwa ili shingo mbili ziwe moja, na ufunguo wa kuziunganisha ni wenzo huu huu. Ukishusha do za uzi wa 4 na wa 8 ziwe ti na kuzishikilia hapo, so inakuwa do mpya. Hesabu upya: B ni do, D# ni mi, F# ni so, G# ni la. Do, mi, so, la. Hiyo ni B6, ndugu ya C6 kwa nusu toni chini. Umeingia chumba cha pili bila kuhama kiti. Jeff Newman, aliyefundisha stili kwa miaka mingi, alikuwa mmoja wa walioutangaza mpangilio huu wa E9 na B6 katika shingo moja.

Sasa mambo ya mwili. Magitaa mengi ya nyuzi 10 huweka wenzo wa kushusha do kwenye goti la kushoto, ukisukumwa kulia. Kwa gitaa la nyuzi 10 ni sawa kabisa, kwa sababu unaugusa kidogo na kuuachia. Kwa yunivesali ni kujitafutia maumivu. Ukiwa ndani ya B6, mguu wa kushoto unahamia pedali za upande wa kulia, ya nne hadi ya nane, na goti lake linaziacha nyenzo za kushoto nyuma. Huwezi kushikilia mlango kwa goti ambalo limeshaondoka chumbani. Kwa hiyo uweke wenzo huo kwenye goti la kulia. Mguu wa kulia hauhami popote, umetulia juu ya pedali ya sauti wimbo mzima. Mfano uko kwenye veranda za Kitale: cherehani za kiwandani zina wenzo wa goti wa kuinua mguu unaobana kitambaa, nao hukaa upande wa kulia, mikono ikiwa na shughuli zake na miguu na zake. Fundi huushikilia kadiri apendavyo, huku macho yakiwa kwenye mshono.

Kulia, lakini kusukumwa upande gani? Hapa watu waliosoma hugombana. Mimi nasema kushoto, goti likija ndani. Sababu yangu ni kisigino: ukisukuma nje kwa muda mrefu kisigino huanza kuteleza juu ya pedali ya sauti, na sauti inapanda na kushuka bila mpango katikati ya ubeti. Usiniamini kwa maneno. Keti, sukuma, na ushikilie kwa muda wa utenzi mzima wa beti nne na pambio zake. Paja litakupa jibu kabla ya ubeti wa tatu. Kuna magitaa yenye kitasa cha kuufunga wenzo huo ukae chini wenyewe unapopiga B6. Ukiwa nacho kitumie, ila goti lijue kazi hiyo bila msaada.

Goti la kushoto libaki na kazi za haraka. Wenzo wake wa kwanza ni wa kupandisha do nusu toni, na mahali pake pana mantiki ambayo vijana hawaambiwi. Unautumia zaidi pamoja na pedali A: so imekuwa la, do imepanda nusu, mi imebaki, nawe una kordi kamili ya la kubwa, ile inayofanya kantri ikunje uso kabla ya kurudi nyumbani. Ukiegemeza mguu kwenye pedali A iliyo mwisho kushoto, kifundo kinalala kushoto na goti linafuata lenyewe. Basi wenzo huo ukae kushoto mwa goti la kushoto. Huo ni mpangilio wa Buddy Emmons. Jimmy Day alizipanga pedali kinyume, A ikawa ndani upande wa kulia, na kwa hiyo wenzo wake huo ukahamia kulia. Wote wawili walikuwa mabingwa na wote walikuwa sahihi, kwa kuwa kila mmoja alilifuata goti lilikokuwa linaelekea. Anayekosea ni yule anayechukua pedali za Emmons na nyenzo za Day, akalaumu chombo.

Jihadhari na jambo moja. Kwenye gitaa la nyuzi 10, kupandisha do na kushusha do hukaa pande mbili za goti moja, kwa hiyo haviwezi kutokea pamoja. Ukihamisha kimoja kulia kama nilivyosema, sasa vinaweza. Magoti yote mawili yakibana kwa woga, uzi mmoja unavutwa juu na chini kwa wakati mmoja, na kinachotoka si do wala ti. Woga huo utakuja siku ya kwanza mbele ya watu. Ufanyie mazoezi ukiwa peke yako.

Wenzo wa wima, unaoinuliwa kwa goti la kushoto, upe so ishuke nusu toni. Goti huchoka upesi likiinuliwa, basi usiupe kazi ya kushikilia. Utamu wake uko hapa: ukikanyaga A na B, umepata kordi ya nne; ukiinua wima hapo hapo, la inashuka nusu na ile ya nne inakuwa ndogo, yenye huzuni. Gitaa lako liwe na skrubu ya kurekebisha makutano hayo, la sivyo noti haitakaa sawa. Wimbo wa maziko ukifika kwenye jina la marehemu, huo ndio wenzo wake.

Upande wa kulia wa goti la kulia kuna deni la kulipa. Gitaa la nyuzi 10 lina uzi wa D, ile ta inayofanya kordi ya nyumbani iwe na saba. Yunivesali imeutoa uzi huo ili kupata nafasi. Unarudishiwa kwa wenzo: uzi wa 9 unapandishwa kutoka B hadi D, nusu toni tatu. Ni safari ndefu kwa uzi mnene. Wenzo huo huo unaweza kushusha uzi wa 2 kutoka ti hadi ta, hivyo D ikapatikana juu na chini kwa mwendo mmoja. Kama unataka uzi wa 2 ushuke zaidi, hadi C#, tengeneza kituo katikati ambapo goti linahisi kizuizi. Kituo kisichohisika ni mtego.

Imebaki nafasi moja, upande wa kulia wa goti la kushoto. Huko weka unachokidai kwenye daftari. Wengi huweka kupandisha re. Kwa anayepiga omutibo mimi ningeanza na hilo, maana vidole vya Mukabi na vya Abana ba Nasery vya Bunyore vilipenda sauti mbili zinazotembea pamoja, na re ikipanda kidogo chini ya mi inayosubiri, mpita njia atageuza kichwa. Kwa ajili ya litungu usiweke chochote. Usijaribu kushindana nalo kwa nyenzo. Lipigie noti moja ndefu chini, ulisikilize.

Geuza gitaa chali sasa, juu ya blanketi. Utaona mihimili imekatiza, kila pedali na kila wenzo na wake, na kwenye mihimili kuna vikono vyenye matundu, na kutoka kwenye vikono fimbo nyembamba zisizofika unene wa milimita 3 zinakwenda hadi kwenye vidole vya chuma vinavyoshika nyuzi. Hamisha kazi kutoka wenzo mmoja kwenda mwingine kwa kuhamisha kikono na fimbo yake. Tundu la mbali na mhimili huvuta uzi kwa haraka lakini goti huhisi uzito, la karibu ni jepesi lakini mwendo unakuwa mrefu. Wenzo ukivuta nyuzi mbili, chagua matundu yatakayozifanya zianze pamoja na kufika pamoja. Moja ikitangulia, utasikia waimbaji wawili wasioelewana nani aanze. Acha ulegevu kidogo sana katika kila fimbo ili uzi urudi nyumbani kila unapoachiliwa. Ukikaza fimbo hadi ivute hata wakati wa mapumziko, hakuna tuni itakayokaa.

Urefu wa nyenzo uupime ukiwa umevaa utakachovaa. Siku ya harusi si siku ya gambuti, na gambuti za Endebess mwezi wa Julai huinua goti kuliko viatu vya Jumapili. Dada mwenye sketi ndefu apime na sketi hiyo hiyo. Barbara Mandrell wa Marekani alipiga stili jukwaani tangu utotoni, kwa hiyo dada huyo asikubali kuambiwa kwamba chombo hiki ni cha suruali. Goti likiwa limetulia lisiguse wenzo, na likisogea lisitafute. Kama wenzo ni mfupi kwa miguu yako, fundi wa kulehemu wa jua kali ataongeza kipande. Mwambie afanye kazi wenzo ukiwa umefunguliwa kutoka kwenye gitaa. Cheche zikiruka karibu na nyaya za pikapu, utakuwa umebaki na meza.

Tuni huja mwisho. Weka nyuzi zote sawa zikiwa huru, ndipo ukanyage pedali moja moja na kusukuma wenzo mmoja mmoja, ukirekebisha zile nati ndogo za plastiki mwisho wa gitaa. Programu ya simu itakwambia mi yako iko chini. Iache chini. Mi inayotulia juu ya do iko kama sehemu 14 kati ya 100 za nusu toni chini ya pale simu inapoitaka, na hapo ndipo kwaya nzuri huiimba bila kuambiwa. Tena ukikanyaga A na B, mwili wa gitaa hujipinda kidogo kwa mvutano na nyuzi nyingine hushuka. Usiogope, kila stili ina tabia hiyo. Tafuta mahali pa katikati ambapo kordi ya nyumbani na ya nne zote zinakubalika. Na kwa kuwa Kitale imekaa karibu mita 1,900 juu ya bahari na asubuhi zake ni za koti, toa gitaa sandukuni mapema, lipate joto la chumba, kisha upime. Ukipima likiwa baridi utapima tena watu wakiwa wameshaingia.

Piga nyimbo zote za daftari kwa mpangilio huo kabla ya kubadili chochote. Ukikuta wenzo ambao goti halijauita hata mara moja, uondolee kazi yake na uupe nyingine. Ukibadili, badili mmoja tu, upige tena nyimbo zote. Mpangilio ukikubali, uchore kwenye karatasi: nyuzi 12 upande mmoja, pedali na nyenzo juu, na kila badiliko kwenye kisanduku chake, kwa herufi na kwa do re mi. Ibandike ndani ya kifuniko cha sanduku, ili siku fimbo itakapokatika Kimilili saa tatu usiku kabla ya mkesha, atakayeshika tochi ajue ilikuwa imefungwa wapi.